Jiwe Lililoliwa na Asidi: Tengeneza Pole Pole, Usiongeze Dawa



Mwezi huu ninajibu swali la binti mumoja wa Opala. Sasa anatumika Kisangani, katika nyumba ya mutu anayenunua zahabu. Katika chumba cha kuogea cha nyumba ile kuna meza ya marumaru nyeupe, na lavabo katikati yake. Patroni anapenda kupimia zahabu yake pale pale, kwa sababu mayi iko karibu. Siku moja binti aliona alama nyeupe-nyeupe juu ya jiwe. Akasugua na sabuni, hazikutoka. Basi akachukua dawa kali ya kusafishia choo, akaimwaga juu ya meza. Povu likatoka, naye akafurahi, akifikiri uchafu unaondoka. Lakini wakati meza ilipokauka, upande ule wote ulikuwa umekufa, haung'ai tena hata kidogo. Sasa patroni anasema atakata mushahara wake kila mwezi mpaka bei ya meza mpya itimie. Binti anauliza: Baba Pasta, doa hili linatoka, ao halitoki?

Binti yangu, jibu langu ni hili. Doa lile halitoki, kwa sababu si doa. Lakini jiwe linaweza kutengenezwa, tena kwa feza kidogo kuliko bei ya meza mpya. Na wewe musomaji usiye na marumaru nyumbani, usifunge ukurasa huu. Sakafu yako ya simenti, na ngazi za kituo chetu cha afya, zinaumizwa na asidi namna ile ile.

SI UCHAFU, NI KIDONDA

Marumaru ni nini? Ni jiwe la ukoo wa chokaa. Zamani sana lilikuwa jiwe la chokaa la kawaida, kisha moto na uzito wa ndani ya dunia vikalibana mpaka likawa gumu na zuri. Ni ukoo mumoja na ganda la yai, na ganda la konokono, na yale mawe ya baharini ambayo watu wa Kilwa na Zanzibar walijengea nyumba zao na kuyachoma ili kupata chokaa.

Na ukoo huu wote una adui mumoja, ni asidi. Asidi ikigusa chokaa, inaila. Sehemu ya jiwe inageuka kuwa chumvi inayoyeyuka katika mayi, na hewa inatoka kwa mapovu. Lile povu ambalo binti yetu aliliona halikuwa uchafu unaoondoka. Lilikuwa jiwe lenyewe linaondoka.

Vijana, mukitaka kuona kwa macho yenu, fanyeni hivi. Chukueni yai moja, mulitie ndani ya glasi yenye siki. Mutaona mapovu madogo-madogo yanashika ganda. Muliache siku moja ao mbili, na mubadilishe siki mara moja. Ganda litaisha, litabaki yai laini lenye ngozi tu. Hata Biblia, katika Mezali 25:20, inataja siki inayomwagwa juu ya magadi. Watu wa zamani waliona kuchemka kule kule.

Sasa, juu ya nini jiwe haling'ai tena? Marumaru inang'aa kwa sababu fundi aliisugua mpaka uso wake ukawa laini sawa kioo. Asidi ikipita inaacha vishimo vidogo ambavyo jicho halivioni. Mwangaza ukianguka pale unatawanyika, haurudi vizuri, na sisi tunaona weupe-weupe. Kwa hiyo ukiongeza sabuni, unaosha kidonda. Ukiongeza asidi, unachimba kidonda. Dawa ya kweli ni kusugua uso ule mpaka uwe laini tena.

ASIDI ZA NYUMBANI NA ZA KARYERI

Zile za nyumbani ni ndimu, siki, tomate, na vinywaji vya soda. Hizi si kali sana, lakini ndimu ikiachwa juu ya marumaru dakika chache tu, alama inabaki.

Dawa za choo mara nyingi ziko na asidi kali kabisa. Sifa yake ni kula ile chokaa ngumu inayoshika choo, na marumaru pia ni chokaa. Haiwezi kuchagua.

Asidi ya batri inafanya jambo lingine tena. Inageuza uso wa marumaru kuwa jasi, unga mweupe unaobomoka. Mutu anayeweka batri yake ya pano za jua juu ya sakafu ya simenti ataona simenti inaanza kuvunjika chini yake.

Tena kuna asidi ya wanunuzi wa zahabu, inayoitwa asidi ya nitriki. Wanatia tone moja: zahabu haibadiliki, lakini shaba inatoa povu la kijani. Ni kipimo cha zamani na kinatumika sana. Lakini tone likianguka pembeni, ao chupa yenye kulowana chini ikiwekwa juu ya marumaru, jiwe linaliwa mara moja.

JUA KWANZA JIWE LAKO

Mbele ya kuanza kazi, jua ni jiwe gani. Watu wengi wanachanganya majina matatu: marumaru, graniti na granito.

Graniti ni jiwe lingine kabisa, gumu sana. Ndimu haliumizi. Granito si graniti, hata kama jina linafanana. Granito ni simenti iliyochanganywa na vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, kisha ikasuguliwa. Nyumba nyingi za wakati wa Wabelgiji, pale Kisangani, ziko na sakafu ya granito. Kwa sababu simenti na marumaru vyote viko na chokaa, asidi inakula vyote viwili.

Kwa kupima, tafuta pembe iliyofichwa, kwa mufano chini ya ukingo wa meza. Kwaruza kidogo na ncha ya kisu cha chuma. Marumaru inakwaruzika kwa urahisi. Graniti inakishinda kisu.

KAZI YENYEWE

Vitu unavyohitaji ni hivi: bikarbonati ya kupikia, mayi safi, vitambaa safi, kipande cha ubao kilicho sawasawa, glavu, na karatasi nyeusi ya musasa, ile inayovumilia mayi. Karatasi hii utaipata kwa wale wanaopaka magari rangi. Mwishoni utahitaji unga wa kung'arisha marumaru. Ulio muzuri umetengenezwa na oksidi ya bati. Uulize kwa mafundi wa granito ao wale wanaotengeneza makaburi.

1. Osha kwa mayi mengi. Kisha changanya bikarbonati na mayi iwe uji, upake juu ya alama. Ikitoa mapovu, ujue asidi ilikuwa imebaki. Acha dakika kumi, osha tena. Kama huna bikarbonati, mayi ya majivu inafaa. Mama zetu wanaijua, wanalainishia nayo mboga ngumu. Ichuje vizuri kwa kitambaa, kwa sababu chembe za majivu na mukaa zitakwaruza jiwe. Vaa glavu, maana mayi ya majivu yenye nguvu inachoma ngozi.

2. Pitisha kidole juu ya alama. Ukisikia laini lakini jicho linaona weupe, jeraha ni jepesi: ruka mpaka namba 5. Ukisikia ukali sawa ulimi wa paka, anza na namba 3.

3. Zungusha karatasi ya musasa juu ya ubao, usitumie vidole peke yake, maana vidole vitachimba shimo. Anza na karatasi namba 400. Lowanisha jiwe na karatasi, na uendelee kutia mayi ili vumbi lisiruke na kuingia kifuani. Sugua bila kukandamiza sana. Usisugue alama peke yake. Panua kazi pande zote, mara mbili ya ukubwa wa alama, ili pasiwe na bonde.

4. Osha vizuri, kausha, tazama kwa mwangaza wa pembeni. Kama alama imeisha na eneo lote ni sawasawa, endelea na 600, kisha 800, kisha 1200, kisha 2000. Kila namba inaondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Kwa hiyo kama umeenda mbele na karatasi ya kwanza, ya pili sugua kwa kukatiza, ili uone kama mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Osha kabisa katikati ya kila namba, maana chembe moja ya 400 ikibaki, itaharibu kazi ya 2000. Hapa ndipo watu wengi wanachoka na kuruka namba. Ukiruka, jiwe litakusema mbele ya watu wote.

5. Sasa chukua unga wa kung'arisha, utie mayi kidogo, uwe sawa uji muzito. Sugua kwa kipande cha blanketi la zamani, kwa nguvu na kwa muda murefu, mpaka kitambaa kianze kushika jiwe. Osha, kausha. Kama bado halijang'aa, rudia.

Alama ya ukubwa wa kiganja inaweza kula asubuhi nzima. Kwa meza nzima, hesabu siku mbili ao tatu za mukono. Fundi mwenye mashine anafanya haraka kwa sababu visahani vyake viko na unga wa almasi. Hapa nyinyi wachimbaji musikilize: sehemu kubwa ya almasi za Kongo si za pete, ni za kazi, za kukata na kusugua vitu vigumu. Leo viwanda vinatengeneza nyingi za namna hiyo, lakini jambo ni lile lile: kilicho kigumu ndicho kinachosugua.

Na kama unga wa kung'arisha haupatikani? Basi sugua meza yote mpaka 800 ao 1200 na uiache hivyo. Haitang'aa sawa kioo, lakini itakuwa laini, ya rangi moja, na yenye heshima. Nyumba nyingi za gharama zinatakiwa hivyo kwa kusudi. Tena marumaru isiyong'aa haionyeshi sana alama mpya.

Usidanganyike na nta ya gari ao mafuta. Vinaficha kidonda siku chache, kisha vinashika vumbi na kugeuka manjano. Hata ile dawa ya kuziba marumaru inayouzwa madukani haizuii asidi. Inasaidia kahawa na mafuta visiingie upesi ndani ya jiwe, basi. Kinachozuia asidi ni kitambaa cha kupangusa mara moja, na kuweka chupa juu ya sahani.

KAMA NI DOA LA KWELI

Doa la kweli liko na rangi: chai, kahawa, mafuta. Uso unaweza kuwa bado unang'aa, lakini rangi imeingia ndani. Hili halisuguliwi, linavutwa. Chukua udongo mweupe unaouzwa sokoni, ule ambao akina mama wenye mimba wanaupenda. Usage, uchanganye na mayi ya oksijeni ya famasi ikiwa ni doa la chai ao kahawa, upake kwa unene wa kidole, uufunike kwa plastiki siku moja. Kisha ondoa plastiki, acha ukauke wenyewe. Udongo unapokauka unavuta rangi nje. Osha, rudia kama inahitajika.

Si njia ya maskini, wapendwa. Kule Agra, Uhindi, kuna jengo la marumaru nyeupe linaloitwa Taj Mahal, lililojengwa katika miaka ya 1600. Moshi wa viwanda na wa magari ulianza kuligeuza manjano, na asidi iliyo katika hewa chafu ikatishia jiwe lenyewe. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Uhindi iliamuru viwanda vya pale karibu viache makaa ya mawe ao vihame. Na kwa kuondoa umanjano, watunzaji wanapaka kuta udongo, wanauacha ukauke, wanauosha kwa mayi safi. Hawakupeleka asidi kali. Kwanza walishugulika na kinacholeta uharibifu, kisha wakasafisha kwa upole.

NANI ATALIPA?

Sasa nirudi kwa shida ya mushahara, kwa sababu najua ndiyo inayomunyima binti yetu usingizi.

Tazama alama zenyewe, zinasema. Alama za duara, za ukubwa wa kitako cha chupa, pamoja na matone madogo-madogo: hizo ni za chupa ya asidi ya kupimia. Upana mukubwa wenye michirizi kuelekea lavabo: huo ni wa dawa ya choo iliyomwagwa na kusuguliwa. Basi vidonda ni viwili, na mikono ni miwili.

Binti yangu, usikatae sehemu yako. Mwambie patroni: Hizi michirizi ni zangu, nilifikiri ni uchafu. Lakini pia usibebe mzigo usio wako. Mwombe, kwa heshima, atazame zile duara pamoja na wewe. Kama ni vigumu kusema peke yako, mupeleke mama mukubwa wa familia ao muzee wa kanisa pale Kisangani akae karibu. Kisha omba siku tatu na feza ya karatasi ya musasa, umuonyeshe kazi mbele ya mambo ya kukata mushahara. Anza na pembe ndogo. Akiona pembe moja imerudi, mazungumzo yatabadilika.

Na wewe patroni unayesoma, kwa maana najua gazeti hili linafika hata kwa wanunuzi: mutu uliyemupa dawa bila kumufundisha, kosa lake si lake peke yake. Maneno ya chupa ya dawa ile yameandikwa kwa lugha ambayo pengine hakuisoma shuleni. Mufundishe. Dakika tano za maneno zina bei ndogo kuliko meza. Na asidi yako ya kupimia, ipe mahali pake pa kazi, penye hewa, juu ya sahani ya vigae ao ya plastiki nzito, mbali na mahali familia inaosha uso.

KILICHO KIKUBWA KULIKO JIWE

Jiwe likiliwa, tunasugua. Jicho la mutoto likiliwa, hakuna karatasi ya musasa ya kulitengeneza. Kwa hiyo shikeni mambo haya matano, muyasome kwa sauti nyumbani:

— Asidi isiwekwe hata siku moja katika chupa ya soda ao ya bia. Mutoto anaona Fanta, anakunywa. Ikae katika chupa yake yenyewe, juu, na kufungwa kwa ufunguo.

— Usichanganye asidi na mayi ya Javel. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo ilirushwa juu ya askari kule Ypres, Ubelgiji, mwezi wa 4 mwaka 1915. Chumba cha kuogea kidogo, kilichofungwa, kinatosha kukuumiza mapafu. Ukisikia harufu inayokaba, toka nje mbio, acha kila kitu.

— Ukitaka kupunguza ukali wa asidi, tia asidi pole pole ndani ya mayi, si mayi ndani ya asidi. Ukigeuza, inaweza kuchemka na kukurukia usoni.

— Asidi ikiingia jichoni, osha na mayi safi yanayomwagika kwa dakika ishirini bila kukatisha, kope zikiwa wazi, kisha kimbia kituo cha afya. Usitie maziwa, mafuta, wala dawa za majani.

— Mutu akimeza asidi, usimulazimishe kutapika, maana itamuchoma mara ya pili ikipanda. Asukutue kinywa, na mumupeleke mara moja hospitali pamoja na chupa, ili muganga ajue ni nini.

Kwetu tumezoea kufikiri kwamba dawa kali ndiyo inafanya kazi. Kwa jiwe la chokaa ni kinyume. Ukali ndio uliharibu, na mukono wenye subira, wenye kufuata namba moja baada ya nyingine, ndio unatengeneza. Vijana wa Opala ambao munatafuta kazi Kisangani, jifunzeni ufundi huu wa kusugua mawe na granito. Majengo mapya yanaongezeka, asidi haitaisha, na mutu anayeweza kurudisha meza iliyokufa hatakosa mukate.

Binti yetu, utuandikie utuambie pembe ya kwanza ilikuwa namna gani. Nasi wengine, tuonane mwezi ujao. Kaeni salama, nyinyi na nyumba zenu.